Mdudu wa Ukutani na Mzigo wa Yaya

Élisabethville, Jumapili, tarehe 15 Novemba 1953

Mvua imenyesha tangu misa ya kwanza na bado haijakatika. Kitambaa cha meza kimepigwa pasi, sahani zimepangwa kabatini, sakafu inang'aa. Nyumba hii haijapata kuwa safi namna hii. Mwenye nyumba ndiye mchafu.

Nitaandika kwa utaratibu, kama nilivyowafundisha wanafunzi kwa miaka ishirini na saba, nisije nikaruka lile linaloniuma.

Keshokutwa mabwana watatu wa tume ya serikali watakuja kuikagua nyumba yangu. Nimeomba ile kadi wanayopewa weusi waliohesabiwa kuwa wameendelea. Wanatazama kila kitu: jiko, choo, mashuka, na kama mke anakula mezani pamoja na mumewe. Mwenzangu mmoja alinyimwa, na watu wanasema ni kwa sababu walimkuta kuku amelala chini ya kitanda.

Jumatatu iliyopita mke wangu, Agnesi, aliniita chumba cha nyuma. Ukutani alikuwapo mdudu mpana kama kiganja, bapa kama aliyekanyagwa, rangi ya udongo. Miguu yake miwili ya mbele ilikuwa mirefu na myembamba kama uzi, naye aliipapasisha hewani kama kipofu anayetafuta mlango. Nilisema ni buibui. Agnesi akauliza utando wake uko wapi.

Jumanne alitokea mwingine jikoni, akienda upande upande kama kaa. Huyo nilimwona mikono miwili yenye miiba, imekunjwa kifuani. Nikasema ni nge. Agnesi akauliza mkia. Nikamwambia aendelee na kazi yake.

Jumatano akaja wa tatu, amebeba watoto mgongoni, weupe, wamebanana. Agnesi alipiga kelele na wanawake wa jirani wakaingia. Walimtazama mdudu, kisha wakanitazama mimi. Katika mtaa wetu, ikija barua au ugonjwa au kitu kigeni, watu hungoja Mwalimu aseme.

Sikujua.

Neno hilo ni fupi, na ningelisema, leo ningekuwa naandika habari za mvua tu.

Badala yake nilimtazama Yaya. Yaya Ngoie ni dada yangu mkubwa; kwetu yaya ndiye ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Tuna mama mmoja. Alifika wiki tatu zilizopita kutoka kwetu kaskazini, na mzigo mmoja uliofungwa kwa mkeka. Anavuta kiko. Anakula ameketi chini, kwa mkono, na kiti anakiwekea shali lake. Nilisema mbele ya wote kwamba wadudu kama hawa si wa mjini, wametoka katika mzigo wa kijijini. Nikaongeza kwamba huenda hata wametumwa kwa uchawi.

Mimi nilisema hivyo. Mimi niliyewachapa watoto wa watu kwa kusema hivyo darasani.

Yaya hakukasirika. Aliuleta mzigo mwenyewe barazani, akauweka miguuni pangu. "Fungula, mutoto wa mama," akasema. "Tuangalie siye bote."

Nikafungua. Nilitoa nguo mbili, tumbaku, samaki wakavu, magome ya dawa ya magoti, na kitambaa cha marehemu mama yetu ambacho sikukiona tangu siku tulipomzika. Hakukuwa na mdudu. Mwanamke mmoja alikohoa, mwingine akasema amekumbuka sufuria yake motoni. Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilisema kwamba mayai huenda yamo ndani ya magome, nikayatupa nje kwenye mvua. Agnesi aliinama akaanza kukunja nguo, moja moja, bila kunitazama.

Ijumaa asubuhi nilimpandisha Yaya katika lori la makaa linalorudi tupu Kinsevere, anakoishi mtoto wa kaka yetu. Nilimwambia ni kwa siku chache, mpaka nipulizie dawa nyumbani. Aliketi juu ya magunia matupu. Hakuuliza ni siku ngapi.

Sasa niandike lile ambalo hata padri sijamwambia. Tangu siku nilipopata barua ya tume, kabla ya mdudu wa kwanza, nilikuwa nikiwaza nitamweka wapi Yaya siku hiyo ya ukaguzi, Jumanne. Niliwaza kiko chake. Niliwaza mabwana wakimkuta sakafuni na bakuli lake, huku mimi nikieleza kwa Kifaransa changu kizuri kwamba hapa tunakula mezani. Sikupata sababu ya kumwondoa. Mdudu akaniletea sababu, nami nikaipokea kwa mikono miwili.

Jana, Jumamosi, wadudu walikuwa wawili ukutani. Yaya hayupo, mzigo haupo, magome yanaoza uani, nao wapo.

Alasiri Saidi alikuja kuchukua toroli lake. Saidi ni jirani yetu, fundi wa matofali, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Maniema. Kwa miaka mingi nimekuwa nikimsahihisha maneno yake hapo uani, naye hucheka tu. Alipowaona wale wadudu aliweka kiganja ukutani, akangoja. Mmoja akampanda mkononi, akipapasa vidole vyake kwa ule uzi.

"Hii haiwezi kuluma muntu, Mwalimu," akasema. "Iko na woga kupita weye."

Alinieleza kwamba hana sumu, kwamba hufuata mende, na kwamba jike hubeba watoto mgongoni mpaka wajiweze. Yeye huwakuta kila anapobomoa kichuguu kikuukuu ili apate udongo wa matofali, maana wanakaa katika mapango ya ndani. Kisha akaniuliza lile fungu la udongo chini ya dirisha la nyuma nimelitoa wapi.

Lilikuwa langu. Mwezi uliopita niliagiza mkokoteni wa udongo wa kichuguu kutoka upande wa Luano, nipande maua, kwa kuwa nilisikia kwamba mabwana wa tume hupenda kuona maua. Saidi alilipasua bonge moja kwa kisigino. Ndani, katika tundu, alikuwamo mdudu amejikunja. Mvua ilipolowesha udongo, wenzake walihamia kwangu, pakavu.

"Ni weye njo uliileta," akasema Saidi, bila ubaya wowote.

Nikamwuliza jina la mdudu huyo. Akasema hajawahi kumwuliza. Amemfahamu tangu utotoni, anajua anakolala na anachokula, na jina halijamkosesha usingizi. Mimi kwa siku tatu nilimpa majina matatu, yote ya uongo, na la tatu lilimwangukia dada yangu.

Leo baada ya misa nilimweleza Agnesi yote. Nikasema nitamfuata Yaya siku ya Jumatano. Alikuwa akichambua mchele. Agnesi si msemaji, na katika miaka yetu ya ndoa hajanipinga mara nyingi.

"Kama unangoja bazungu bapite," akasema, "usimuambie ilikuwa juu ya bidudu."

Akaendelea kuchambua.

Nimekaa na maneno hayo mchana kutwa. Nimejaribu kuyatafutia kosa, nisilipate.

Dereva wa lori la makaa nimekwisha kuonana naye. Anaondoka kesho alfajiri, nami pamoja naye, na kurudi Jumanne asubuhi, kama barabara haitakuwa tope. Mabwana watafika saa nne. Mvua ikiendelea hivi, watamkuta Agnesi peke yake mlangoni, na watauliza mwombaji yuko wapi, na nadhani hawatarudi mara ya pili. Yaya naye anaweza kukataa kuja. Ana haki hiyo.

Nimemwambia Agnesi wakiuliza awajibu nimekwenda wapi, na kwa sababu gani. Hilo la sababu nililazimika kulirudia, maana mara ya kwanza nilianza tena kutaja wadudu.