Baba na Pweza wa Pasaka

Mdogo wangu Neema, habari za Moshi?

Jumapili ya Pasaka tulipotoka kanisani hapa Kilindoni, Bi Zuhura, mwenye nyumba tuliyofikia, alitupikia pweza wa nazi. Baba akaisogeza sahani mbali.

"Mimi sijawahi kula kitu chenye miguu minane."

"Basi kula mitatu," akajibu Bi Zuhura, akaenda zake kuswali adhuhuri.

Aliporudi alimkuta Baba anakwangua sahani. "Ile mitano mmeiweka wapi?" Baba akamuuliza.

Neema, tangu tumzike Mama, hii ndiyo mara yake ya kwanza kuomba chakula. Nilitoka nje nikajifanya napiga simu.

Sasa mvua inanyesha na Baba anakoroma. Nawe huko ule vizuri, mdogo wangu.

Dada yako akupendaye,
Anna