Majeneza Mliyotutumia

Nyumbani, chumba cha nyuma ya karakana,
Jumapili, 12 Oktoba.
Asubuhi ukungu mzito, baridi, upepo hakuna.

Mpendwa mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta umeshapona kifua, na wifi yangu na watoto hawajambo. Sisi tunapumua. Mguu wa Mama umevimba tena, ila kula anakula na kugomba anagomba, kwa hiyo usihangaike naye sana. Juzi alinigombeza kwa sababu chai haina sukari, kana kwamba mimi ndiye niliyeificha sukari ya nchi nzima.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata, pamoja na picha. Nilikuona umesimama na wenzako wa chama cha watu wetu wa ughaibuni, nyuma yenu majeneza ya bati yamepangwa mpaka juu, nawe umevaa koti lako zuri. Niliwasomea wenzangu karakanani. Walipiga makofi, nami nikapiga.

Huko najua mnafuatilia vita kwa ramani. Sisi tunavifuatilia kwa mbao. Silaha za wafadhili huja ndani ya makasha ya msonobari. Yakishafunguliwa tunaletewa sisi, tunang'oa misumari, tunapiga randa yale maandishi ya kigeni mpaka yafutike, kisha tunaunda majeneza. Kazi yangu ni kuandika majina kwenye vifuniko kwa rangi nyeusi. La shemeji yako, mume wangu, niliandika kwa mkono wangu mwaka juzi, hilo unalijua.

Mwanzoni tulidhani msaada ukija vita vitaisha. Mwezi wa nne shehena zilipokwama huko kwenu, vijana wetu walikosa makombora, wakauawa wakirudi nyuma. Zilipofika, wakaamriwa kusonga mbele, wakauawa wengi zaidi. Mzee Msumari, mkubwa wetu wa karakana, husema, "Wakileta tunakufa, wasipoleta tunakufa. Seremala tu ndiye hana likizo." Tulikuwa tunacheka.

Sasa nikueleze jambo ambalo sikuwahi kukuandikia, nikiogopa kulitia kisirani. Mpwa wako Kijiti hakuitwa jeshini kwa sababu moja tu: waunda majeneza walisamehewa. Mzee Msumari alimchukua mara tu alipotimiza miaka kumi na minane, ingawa msumeno wenyewe hajui kuushika sawasawa. "Huyu anakata mbao kama anakata mkate," alikuwa akimtania, lakini kila afisa alipopita alimsifu kuwa fundi wa kutegemewa. Basi mwanangu aliishi kwa kuwa wana wa wenzangu walikuwa wanakufa. Nililijua hilo kila nilipochovya brashi.

Tangu mashambulizi ya Agosti mbao hazikutosha, na wengine wakazikwa ndani ya turubai. Nadhani ndiyo maana mkaombwa majeneza. Yalifika Jumatatu, na jina la chama chenu limepigwa mhuri ndani ya kila kifuniko. Ni mazuri, mepesi, hayavuji. Jumatano akaja afisa, akasema karakana haina tena kazi ya vita, na msamaha umekwisha.

Mzee Msumari alimsihi. "Haya ya bati yataisha, mkuu."

"Yakiisha mtafungua tena, na kijana wenu tutamrudisha."

"Mtamrudisha amesimama au amelala?"

Afisa aliangalia saa yake. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa Kijiti hadi kesho yake, ale chakula cha jioni na bibi yake.

Aliondoka Alhamisi. Mama hatujamwambia, anadhani mjukuu wake amesafiri kufuata mbao. Mlangoni Kijiti alisema nikusalimie, na nisikwambie kilichotokea. "Mjomba ataumia bure, Mama." Nimekwambia. Ungekuja kulisikia kwa mwingine ingekuwa vibaya zaidi. Sikulaumu, mdogo wangu. Ulitenda jambo jema, na mimi ningekuwa huko ningebeba jeneza upande mmoja nawe.

Mwishoni mwa barua yako uliuliza kama yametosha au mkusanye mengine. Hayatoshi. Kwa jinsi malori yanavyorudi kutoka mstari wa mbele, yataisha kabla ya mwezi kwisha. Lakini waambie yametosha. Waambie una dada anayefanya kazi humo humo, ameona kwa macho yake, yametosha. Yakiisha na mengine yasije, karakana itafunguliwa, na yule afisa alitoa neno lake mbele ya watu. Najua yuko mama atakayempokea mwanawe ndani ya turubai kwa sababu yangu. Huenda ni mtu ninayesalimiana naye. Waambie yametosha.

Nisalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka, yule mkubwa aache kukuficha ripoti za shule. Mama anakuombea kila siku, ingawa siku hizi anakuita kwa jina la Baba. Mungu akufunike huko uliko, na huyu wetu amfunike mahali ambapo mimi sipajui.

Anayekupenda hata leo,
Dada yako

Jumatatu asubuhi, kabla sijafunga bahasha. Nimeisoma tena yote. Sikubadili neno. Usingizi ulinijia saa tisa na robo usiku.