Jiko Letu Limewaka, Halima

Halima,

Jiko letu limewaka. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, salamu zote ungeziruka ulitafute. Limewaka, chai imechemka, na moshi haukumtoa mtu machozi. Machozi yaliyotoka yalikuwa na sababu yake, nitakueleza.

Kwanza nikukasirikie kidogo. Nilipokwenda Murang'a kwa nyanya wakati wa likizo ya Agosti, nilikuacha ukilalamikia kichwa tu. Niliporudi nikapitia kwenu moja kwa moja, hata kikapu cha viazi sijakitua, nikakuta wanawake wamejaa kwenye mikeka. Mama yako akaniambia ni homa ya uti wa mgongo, na kwamba walikuzika siku iyo hiyo ilipokuchukua, kama desturi yenu ilivyo. Sisi kwetu tunakutana jioni baada ya jioni, tunaomba, tunaimba, mpaka moyo uanze kukubali. Wewe ulikuwa umeshakwenda. Sikukuaga, Halima. Bado inaniuma.

Shule zilipofunguliwa, wiki ya sayansi ilikuwa mlangoni. Unaijua sheria ya Mwalimu Otieno: asiyeweza kukieleza kitu mbele ya watu, kitu hicho si chake. Sisi tulikuwa tumegawana kazi ya jiko vizuri, mimi mikono, wewe mdomo. Mimi nalichekecha vumbi la mbao tulilopewa na maseremala wa Gikomba, nalishindilia kwenye mkebe wa rangi kuizunguka chupa ya soda. Wewe unasimama pale bombani, unawahutubia kina mama wanaongoja maji, halafu unanigeukia: "We Wambui, sauti yako umeiweka benki?"

Basi mwalimu akaniita, akaniambia kwa upole kwamba jiko atalieleza Catherine, maana mimi hunyamaza hata nikiulizwa jina. Catherine! Yeye ambaye vumbi la mbao hulishika kwa ncha za vidole kama aliyeokota panya. Lingekuwa jiko lake, na wewe usingetajwa popote. Nikasema nitalieleza mwenyewe. Nilisema nikiangalia viatu vyangu, lakini nilisema.

Nikaenda bombani. Jioni ya kwanza sauti haikutoka kabisa, mpaka Mama Kamau akachoka: "Mtoto wa wenyewe, songa basi tuteke maji!" Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa. Sikutunga kitu. Niliyasema maneno yako jinsi ulivyokuwa ukiyasema, na pale ulipokuwa ukipumua, nami nikapumua. Yakakaa kichwani sawasawa.

Siku ya wazazi bwalo lilifurika. Kulikuwa na kengele ya umeme ya wale wa kidato cha nne, na volkano iliyomtapikia mkuu wa shule suruali nzima. Ungecheka uanguke. Zamu yangu ilipofika nikaichomoa chupa polepole nikiizungusha, shimo likabaki limesimama bila kubomoka, nikawasha kwa chini. Nikainua uso. Mbele kabisa alikuwa mama yako, na buibui lake. Sikujua kama angekuja. Nikafungua mdomo, na sauti ikatoka, kubwa, hata mimi nikashangaa:

"Hamjambo, wazazi wetu! Mimi naitwa Halima, wa kidato cha tatu."

Watu wakageukiana. Nilikuwa nimeyakariri maneno yako bila kuondoa jina, na pale bombani hakuna aliyenisahihisha, walishazoea kulisikia. Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwangalia mama yako nikijua nimemtonesha kidonda mbele ya watu. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Akaniambia, "Endelea, mwanangu. Usimkatize."

Nikaendelea. Nikaeleza jinsi hewa inavyoingia chini na kupanda kwa lile shimo la katikati, na kwa nini vumbi lililoshindiliwa huungua taratibu, maharagwe yakaiva bila kuongeza kitu. Halafu maneno yako yakaisha. Unakumbuka mwisho hukuutunga, ulisema tutaumalizia baada ya likizo? Nikabaki pale peke yangu. Nikakohoa. Nikasema, "Hayo yalikuwa ya Halima, rafiki yangu, ambaye hayupo. Mimi ni Wambui. Yanayobaki nitayasema mimi." Nikawaambia mambo ya mikono: kwamba vumbi lenye unyevu litakujazia nyumba moshi, kwamba ukiwa na haraka na chupa, shimo linaanguka. Wakauliza maswali, nikayajibu yote, Catherine akisikia.

Tumekuwa wa pili. Kengele ilishinda, na haikustahili. Lakini sisi pia tunakwenda mashindano ya mkoa. Jumamosi mama yako aliniita nimfundishe kushindilia, tukapika pamoja, akala vizuri. Dada yako mdogo anasema alikuwa hajala hivyo tangu Agosti.

Sasa Mwalimu Otieno anataka nirekebishe pale mwanzo, ili waamuzi wasichanganyikiwe. Nimemwitikia ndiyo, mwalimu, kwa adabu zote. Kwaheri, Halima. Ile ya Agosti hukuipata, basi ipokee hii, na ulale pema. Na mkoani nitasimama, nitainua uso, na mwanzo wako sitaugusa hata neno moja.

Wambui