Maganda ya Risasi ya Baba

Mabatini, Mwanza
3 Machi 2024

Baba, shikamoo. Habari za Magu? Mguu wako je? Mimi mzima, ila nimefungiwa, na sikutanii. Obedi, msimamizi wetu wa kampuni ya ulinzi, ananifungia kwa nje kwenye kibanda cha nondo mbele ya duka la dhahabu. Ufunguo mfukoni mwake, simu yangu mezani kwake. Kalamu hajaikataza, ndiyo maana nakuandikia. Maji siyagusi mpaka jioni, maana kwenda chooni lazima nimpigie kelele kama mbuzi.

Mwezi ujao kuna mtihani wa shabaha. Unapiga, unakimbia, unajaza upya, unapiga tena, huku wanakupimia muda. Atakayefaulu anaenda kwenye gari la kusindikiza mizigo. Baba, nalitaka hilo gari! Kila mtu achague silaha: rivolva ya risasi sita au bastola ya magazini, ile ya kuchomeka kisanduku cha risasi kwenye mpini. Wewe ulilinda kiwanda cha kuchambua pamba maisha yako yote. Nishike ipi?

Mwanao, Paskazia


Magu
12 Machi 2024

Mwanangu Paskazia, marahaba. Mguu unauma, mdomo mzima. Hicho kibanda kimenikera mno.

Shika rivolva, unauliza nini? Risasi ikigoma, unavuta tena tu, inayofuata inakuja. Hiyo ya magazini ikikwama umekwisha, utabaki unaichokonoa kama mtu mwenye mwiba wa sato kooni. Sawa, inabeba risasi nyingi, lakini za nini zote, unaenda vitani? Fanya vilevile nilivyokufundisha nyuma ya nyumba na maganda matupu.

Barua anakuletea Queen, yule wa mchele.

Baba yako, Luhende


Mabatini
21 Aprili 2024

Baba, shikamoo. Natumaini mguu umepoa. Nimefeli.

Risasi sita za kwanza zote zilikaa katikati ya ubao. Kisha nikafungua rivolva nijaze, na mkono wangu wenyewe ukakinga maganda, nikayatia mfukoni kama ulivyonizoesha! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bastola ya Kashindye, mwenzangu wa zamu, ilikwama kweli. Akaipiga kofi chini ya magazini, akavuta, risasi mbovu ikaruka nje, akaendelea. Mimi bado nakusanya. Leo yeye yuko kwenye gari, anapigwa na upepo wa ziwa. Nina hasira na wewe, baba. Nitapoa, ila bado sijapoa. Mtihani unarudiwa Agosti.

Paskazia


Magu
30 Juni 2024

Mwanangu, hujambo? Barua yako nimekaa nayo muda mrefu. Pale kiwandani ganda moja likipotea, huvuki geti mpaka lipatikane. Nimepekua vumbi la pamba kwa magoti huku mama yako ananisubiri nyumbani na wewe mgongoni. Sikujua kama nimekufungia na wewe humo humo. Inaniuma.

Sasa shika ya magazini. Maganda inayatema yenyewe, hata ukitaka kuyakinga huwezi. Magazini ikiisha, idondoshe, usiokote. Jizoeze na chochote, hata kiatu. Mimi nimejaribu na kikombe, mama yako kanifokea.

Baba yako


Mwanza
18 Agosti 2024

Baba, shikamoo, na pole kwa kikombe. Nimekuwa wa kwanza! Magazini tupu ilianguka wala sikuitazama. Kashindye alinibeba juu juu.

Jana nikaenda kwenye gari. Obedi akanishika bega: "Garini atakaa yeyote. Mwenye shabaha kama yako ndiye wa kukaa kibandani." Akafungua mlango wa nondo, akasubiri niingie.

Baba, nililia pale pale. Kisha nikachomoa magazini, nikamwonyesha kuwa haina risasi ndani, nikamkabidhi bastola mkononi, maana hiyo haidondoshwi. Kofia ya kampuni nikaivua, nikaiachia ikaanguka.

"Okota," akasema.

Simu niliichukua mezani kwake, lakini nimeona nikuandikie, ndivyo tulivyozoea. Queen anatangulia na barua, mimi nakuja Jumamosi. Niko hapa ukingoni mwa ziwa, nakunywa maji, chupa ya pili.

Mwanao, Paskazia