Nguzo Mbili za Mbele

Mjukuu wangu Zuhura,

Baada ya salamu, ninalo tangazo zito: hapa Walthamstow, pembezoni mwa London, tumenunua birika jipya. Babu yako amelipokea kwa heshima zote na hataki mtu mwingine aliguse. Mama yako mdogo hajambo, ila uuguzi unamchosha.

Umeniuliza kama unaweza kumkosoa mwalimu wako wa ujenzi mbele ya darasa. Nitakwambia nilivyofanya mimi.

Nilikuwa na wiki moja tu tangu nianze kufagia kanisa la kale katikati ya London, lililojengwa baada ya mji kuteketea kwa moto, lenye kuba kubwa na malaika wanene wa dhahabu. Kazi nilikuwa naihitaji hasa. Siku moja mtembeza wageni akatangaza kuwa nguzo zote ni marumaru ya Italia. Mimi nilizipangusa kila asubuhi. Marumaru huwa baridi, na zile mbili za mbele hazikuwa baridi.

"Samahani, bwana," nikasema. "Hizi mbili ni mbao."

"Kumbe bibie ni msanifu majengo?"

"Mimi mfagiaji. Hebu gonga."

Akagonga. Ikalia kama mlango wa kabati. Wageni wakacheka, naye akacheka, kisha akaniuliza kama zipo nyingine. Sikufukuzwa. Nilitoka pale nikitembea kama mimi ndiye niliyelijenga kanisa.

Basi sema, mwanangu, ila kwanza weka mkono.

Baadaye msimamizi wa kanisa alinieleza kwamba nguzo zile si marumaru wala si mbao. Ni plasta ya ukutani, tupu ndani.

Bibi yako