Wimbo wa Wagalu

Mkolani, Mwanza

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Najua umeitikia hata kabla Limi hajamaliza kukusomea mstari huu. Goti linaendeleaje? Na hicho kijiji kipya mlikohamishiwa, maji yamekaribia au bado mnayafuata bondeni? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umejaa uchungu, sitakudanganya.

Binamu Masanja alipita hapa akanieleza yote. Kwamba baba alikuwa kwenye foleni ya sukari, redio ya duka la kijiji imefunguliwa, akasikia wimbo wa Wagalu, wapinzani wetu wa ngoma, na anayeuongoza ni mimi, mtoto wa Mgika. Kwamba Wagalu waliokuwepo walimshika mkono kumpongeza huku wakicheka, naye akaondoka bila sukari. Kwamba amesema likizo nisikanyage kwake, na njuga zangu amempa shemeji.

Sasa nisikilize wewe, maana baba hakuniuliza. Bwana utamaduni wa hapa kiwandani alitukusanya Wasukuma wote kwenye kikundi kimoja cha ngoma. Nilimweleza kwamba kwetu Wagika wanacheza upande wao na Wagalu upande wao, na anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Tukichanganyika nani atamshinda nani? Akaniangalia kama mshamba.

"Hapa hakuna Mgika wala Mgalu," akasema. "Kuna Mtanzania."

Siku mgeni wa serikali alipokuja uwanja wa Nyamagana, kiongozi wa wimbo wa Wagalu alikuwa amekaukwa sauti. Bwana utamaduni akanisukuma mbele mimi. Ningekataa? Mwenzetu aliyekataa kucheza aliambiwa ana ukabila, akapelekwa kwenye vumbi la pamba, na hadi leo anakohoa. Nikaimba. Watu wa redio wakanasa.

Nilichopata ni soda moja, tena ya moto. Wagalu wa kiwandani wanasema nimewaibia wimbo. Wagika wenzangu nikikaa kantini wanahama na sahani zao. Bwana utamaduni amepandishwa cheo, ameshahama. Huyo Mtanzania aliyenihubiria sijui anakaa mtaa gani, nikamwombe chumba.

Na kuna jambo ambalo hata Masanja sikumwambia. Niliimba vizuri, mama. Katikati nilisahau wimbo ni wa nani, nikauimba tu, na wale watu uwanjani wakanyamaza kunisikiliza. Sijawahi kuimba vile upande wetu. Ningependa kumwambia baba hilo kuliko mtu yeyote, na ndiye asiyetaka kuniona.

Nisalimie shangazi mfinyanzi, mwambie chungu chake hakijapasuka. Msalimie dada Limi anayekusomea hapa, na mumewe. Njuga azipake mafuta kwenye ngozi, zikikauka zinakatika. Nisalimie na mzee jirani mganga wa ng'ombe.

Likizo yangu ni baada ya mavuno na nitakuja, afunge mlango asifunge. Baba simsalimu kwa barua. Mwambie tu kwamba Masanja anasema yeye baba aliijua sauti yangu papo hapo, kabla mtangazaji hajanitaja. Aliijua kwa kuwa ni yake, alinifundisha mwenyewe tukilima, nikikosea ananipiga. Akitaka kunikana, aanze na hiyo sauti.

Ni mimi, mwanao, kwako wewe angalau,

Maganga