Mwendo wa Nyundo

Jumanne, 6 Aprili 1999

Mvua tangu alfajiri. Mlango wa pikapu, matundu manne ya risasi. Sikuuliza. Mwenye gari naye hakusema. Nikayaziba, nikapiga msasa, nikamwambia arudi kesho kwa rangi. Mlango wa tatu ndani ya wiki mbili. Zamani nilikuwa nanyoosha magari ya watu waliogongana tu. Mkono unauma mpaka kwenye kiwiko.

Barua ya Yusufu imefika. Mdogo wangu huyo yuko Brussels mwaka wa nne sasa, na barua zake huwa fupi, lakini hii ina kurasa tatu. Tanuru wanatimiza miaka kumi na tano na watafanya ziara. Jina lao la kweli ni la Kijerumani, refu, halimkai mtu mdomoni. Sisi tumewaita Tanuru kwa sababu ya picha iliyo kwenye jalada la kaseti. Safari hii washabiki ndio watakaochagua nyimbo. Yusufu ametuma fomu: nyimbo kumi na tano, halafu chini, peke yake, mstari wa wimbo wa kufunga onyesho. Fomu irudi kabla ya mwisho wa Mei.

Leo nilifurahi. Naandika ili nisisahau.

Jumapili, 11 Aprili

Tumekutana hapa gereji, watatu, mchana, kama kila Jumapili. Meddy alikuja na chupa ya chai. Ni fundi redio wa barabara ya nyuma, na mwaka wa 89 ndiye aliyeazima kaseti ya Tanuru kwa mwalimu wetu Mbelgiji wa shule ya ufundi, akainakili. Mwalimu alirudi kwao na kaseti yake. Nakala zote zilizoko hapa mtaani Buyenzi, na hata za Kibenga kule ziwani, zimezaliwa na ile ya Meddy. Hajawahi kutuacha tusahau.

Ferdinand alikuja na pikipiki kutoka Kigobe, upande wa pili wa Bujumbura. Tulisoma naye darasa moja, kisha akakimbilia ofisini. Sasa ni karani wa serikali, mikono laini.

Nyimbo kumi tulikubaliana kabla chai haijapoa. Baada ya hapo, balaa. Ferdinand anataka za karibuni, kutoka kaseti za dukani alizotutumia Yusufu. Meddy hazitaki. Anasema Tanuru wameharibika: wamekuwa na haraka, na sauti ya mwimbaji imekuwa nyembamba, pesa zimempanda kichwani. Mimi niko upande wa Meddy, ila sikusema sana. Mke wangu Zaina alipita, akasema yeye hajui kaseti inaisha wapi na kazi yangu inaanzia wapi.

Wimbo wa kufunga tumeuacha hadi Jumapili ijayo. Kwangu hakuna cha kujadili. Ni ule wa nyundo, wa mwisho upande wa pili wa kaseti. Nyundo inashuka, unangoja, unadhani haitashuka tena, inashuka. Miaka kumi napiga bodi kwa mwendo ule. Ni wimbo wa mtu aliyechoka ambaye bado hajamaliza kazi.

Jumapili, 18 Aprili

Siku mbaya.

Wote watatu tulitaka ule wa nyundo. Ndilo linaloniudhi. Tulikuwa tumekubaliana, kalamu iko mkononi. Ferdinand akasema tu, kwa furaha, kwamba wiki hii redio ya nje iliupiga kwa ajili ya hiyo miaka kumi na tano, na kumbe ni wa kukimbia, nyundo nne wakati sisi tunasikia tatu.

Meddy akasema, "Apana. Iko redio ndio inakimbiza, ju ya kupunguza muda."

Ferdinand akasema labda kaseti yetu ndiyo yenye kasoro.

Meddy akaweka kikombe chini. "Miaka kumi natengeneza redio za watu. We unashika kalamu. Unakuja hapa kwetu kuniambia sijue kazi?"

Hapa kwetu. Lile neno lilibaki katikati yetu. Ferdinand alivaa kofia ngumu ya pikipiki saa tisa, wakati kwa kawaida huondoka saa kumi, ili afike kabla barabara hazijawa mbaya. Hakuaga. Meddy alimsindikiza kwa maneno mpaka nje, kwa sauti, watu wanatazama.

Fomu bado haijajazwa mstari wa mwisho.

Jumanne, 20 Aprili

Nilikwenda kununua sabuni kwa Bwana Salum, jirani yangu mwenye duka. Familia yake iko hapa tangu babu yake alipotoka Omani, na hakuna linalopita mtaani bila kupita kwanza kwenye kaunta yake. Akaniuliza taratibu, kama anayeulizia mgonjwa: "Yule mutu wa Kigobe, hatakuja tena?"

Nikamwambia atakuja. Akatikisa kichwa kwa huruma.

Alhamisi, 22 Aprili

Sasa naelewa. Mtaa mzima unajua kwamba Meddy na Ferdinand wamegombana, na hakuna anayeuliza wamegombania nini. Wanadhani wanajua. Mmoja ni mtoto wa Buyenzi, mwingine ni wa Kigobe na ana kazi ya serikali. Mwaka huu wa sita wa vita vya makabila, mtu akisikia hivyo tu, hadithi anaimalizia mwenyewe.

Leo mtu mmoja alimpongeza Meddy barabarani. Alimshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia amesema ambayo wengine wanaogopa kusema. Nilikuwa hapo. Nilingoja Meddy aseme kwamba ni mambo ya muziki. Hakusema. Alitazama viatu vyake.

Nimemkasirikia Meddy. Nimemkasirikia sana.

Jumapili, 25 Aprili

Ferdinand hakuja. Tulikaa wawili. Umeme ulikatika, hatukuweka betri.

Jumatatu, 26 Aprili

Milio ya risasi kutoka milimani tangu asubuhi. Watu walifunga, wakafungua, wakafunga tena. Mimi sikufunga, nimechoka kuinua ule mlango wa bati.

Adhuhuri nikaenda kumpigia Yusufu simu. Dakika mbili tu. Nilimwomba kitu kimoja: aitafute kaseti yenyewe, ya kiwandani, ya 89, aipe mtu yeyote anayekuja Bujumbura. Alicheka. Aliuliza kama hatuna shida nyingine huko. Nikamwambia hii ndiyo shida.

Jumamosi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Nilimkuta Ferdinand mjini, karibu na posta. Amekonda. Tulisimama kwenye jua kama watu wasiojuana vizuri.

Kumbe na kwao ni vilevile. Majirani zake wamemwambia aache kwenda Buyenzi, kwamba kule jina lake linatajwa. Nani aliwaambia, hajui. Yeye si mwoga. Mwaka wa 95, mitaa ilipokuwa inachomwa, alikuja kwetu kututazama wakati hata ndugu hawakuja. Lakini ana watoto watatu.

Aliniambia, "Sudi, mi sina neno na Meddy. Lakini siwezi kuja kufa ju ya wimbo, sha, rafiki yangu."

Nikamuuliza pikipiki inaendaje.

Jumapili, 9 Mei

Peke yangu gereji. Meddy alisema ana kazi. Hana kazi. Siku hizi nani anatengeneza redio? Watu wanasikiliza za jirani.

Kama hawa wawili wakiachana, mimi sina tena mahali ambapo naweza kukaa na watu bila kupima neno kabla ya kulitoa. Ndilo jambo lenyewe, wala si muziki. Miaka sita nimeona watu wakitenganishwa kwa moto na kwa risasi. Kuona wanaachana kwa ajili ya nyundo, tena nyundo wanayoipenda wote, kunanichosha kuliko milio.

Jumatano, 12 Mei

Nilikwenda Kibenga. Mama mmoja amerudi kutoka Brussels na kifurushi cha Yusufu. Nyumba nzuri, ziwa liko mbele ya mlango. Alinipa kaseti imefungwa kwenye soksi, na barua ya mistari miwili: ameipata kwa muuza vitu vikuukuu, na mimi ni kichaa.

Alhamisi, 13 Mei

Ndani ya gereji kuna gari la mteja lenye redio nzuri. Nilingoja Zaina aende sokoni. Nikafunga vioo.

Ferdinand alisema kweli.

Nyundo nne kwa tatu zetu, sawasawa alivyosema. Mwimbaji ana sauti nyembamba, ya kijana, kama ile ya kaseti za karibuni. Nikaitoa, nikaweka nakala yetu kwenye redio ileile. Nzito, polepole. Nikarudia mara nne. Gari moja, redio moja, nyimbo mbili.

Kwa hiyo ni mashine ya Meddy. Mwaka wa 89, mashine iliyokuwa inacheza kaseti ya mwalimu ilikuwa na mkanda wa kuzungushia uliolegea. Ilivuta polepole, mashine ya pili ikanakili vile ilivyosikia. Na sisi tukanakili nakala. Mji mzima. Tanuru hawakuwahi kuharibika wala kuwa na haraka. Wamekuwa walewale siku zote. Waliokuwa polepole ni sisi.

Nilikaa ndani ya lile gari mpaka vioo vikaingia ukungu. Nilisikia aibu, na sijui ilikuwa ya nani.

Ijumaa, 14 Mei

Sikusema. Nilimwona Meddy msikitini, tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, kaseti iko mfukoni mwa kanzu. Nikimwambia, namvua nguo. Sikio lake ndiyo heshima yake yote. Hana gari, hana kiwanja, ana jina la fundi asiyekosea. Nisipomwambia, Ferdinand anabaki mwongo, na mtaa unabaki na hadithi yake.

Mimi ndiye mwoga.

Jumapili, 16 Mei

Nimemwambia. Sikutumia maneno mengi. Nilimkalisha kwenye kiti cha dereva, nikaweka ya dukani, kisha yetu. Alidhani namchezea. Kisha akaacha kudhani.

Alizisikiliza mara tatu, mkono juu ya usukani. Mara ya tatu vidole vyake vilikuwa vinahesabu. Nilingoja akasirike. Alisema tu, "Ilikuwa na mukanda wa zamani. Niliona ulikuwa umechoka. Nikasema itafaa."

Basi aliona. Siku ileile, miaka kumi iliyopita, aliona. Alikuwa kijana, alikuwa na haraka ya kurudisha kaseti ya watu.

Akatoka garini akaenda zake. Hakuaga.

Jumanne, 18 Mei

Duka la Meddy limefungwa. Mke wake anasema ametoka saa mbili, amevaa shati jeupe, na amekwenda Kigobe. Kwa miguu.

Kigobe. Meddy hajavuka katikati ya mji tangu 95. Kuna vizuizi viwili njiani, labda vitatu, na kila kimoja wanataka kitambulisho na wanataka kujua unakwenda kwa nani na kwa nini. Atawaambia nini? Kwamba anakwenda kumwomba mtu radhi kwa sababu ya mkanda wa mashine?

Saa sita, bado. Nimenyoosha bampa moja, nikaipinda upya kwa kugonga ovyo. Saa nane, bado. Asubuhi kulikuwa na milio upande wa kaskazini. Zaina amekwenda kukaa na mke wa Meddy. Nimeswali alasiri na sikumbuki nilisoma nini.

Saa kumi na nusu. Amerudi. Nimemwona akikata kona, shati limelowa, viatu vimejaa tope. Alipita mbele ya gereji, akainua mkono, akaendelea kwao. Nilikaa chini juu ya tairi.

Jumatano, 19 Mei

Meddy alikuja asubuhi kueleza. Kwenye kizuizi cha kwanza walimcheka, wakamwacha. Cha pili walimweka kwenye jua saa nzima. Alipofika kwa Ferdinand, mlango ulifunguliwa na mkewe, akaogopa kumwona, akadhani kuna mtu amekufa. Ferdinand akaitwa kutoka kazini. Meddy alimwambia akiwa bado amesimama mlangoni, mbele ya mke na watoto: wewe ulisikia sawa, mimi nilikosea, na barabarani watu waliponipongeza nilinyamaza.

Nikamuuliza Ferdinand alijibu nini. Alimpa maji. Meddy anasema alikunywa glasi tatu.

Alinitaka radhi na mimi pia. Nikamwambia aache.

Jumapili, 23 Mei

Jua. Ferdinand alikuja saa saba. Aliacha pikipiki mwanzo wa barabara kwa Meddy, wakaja wote wawili kwa miguu, polepole, kupita katikati ya mtaa, wameshikana mikono kama wanafunzi. Watu waliacha kuzungumza. Wao walisimama kila mlango kusalimia. Ilichukua nusu saa, mwendo wa dakika tano.

Hatukuweka kaseti yoyote. Tulikula mihogo. Meddy alijaza mstari wa mwisho wa fomu: ule wa nyundo, na pembeni, kwa Kifaransa chake kibaya, akaandika kwamba waupige kwa mwendo wao wenyewe. Ferdinand atapitia posta kesho. Sijui kama itafika kabla ya mwisho wa mwezi. Hakuna aliyeuliza.

Saa kumi tulimsindikiza. Kisha nikaingia kwa Bwana Salum. Akainama juu ya kaunta, akasema kumbe wamepatana, akauliza nini hasa kiliwagombanisha. Nikamweleza ukweli wote: wimbo, mashine, mkanda uliolegea. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Sawa," akasema. "Kama hutaki kusema, acha."

Nikachukua chumvi, nikaenda nyumbani.